Miiba Ishirini na Minne

Tasi hamkimbizi mtu.
Mdomo wake mdogo, kama wa mtoto anayekataa uji,
umeumbwa kwa mwani tu:
kunyofoa, kutafuna, kusogea kidogo,
kunyofoa tena jiwe lile lile mpaka ling'ae.
Mpasue tumbo, utakuta kijani kitupu,
malisho yote ya miamba ya Mbudya
yamekunjwa na kukunjwa
ndani ya samaki asiyejaza sahani.

Lakini mgongoni, kumi na mitatu.
Nyuma ya tumbo, saba.
Na minne kifuani, miwili huku, miwili kule.
Mama alinihesabisha kabla sijajua kusoma saa:
ishirini na minne, mwanangu,
usiku na mchana,
hakuna saa utakayomshika ovyo.

Mama aliitwa Sikudhani.
Bibi alijua amekwisha kuzaa, kumbe bado.
Siku yake ya kwanza Feri, kwenye meza za kupaa samaki,
mwiba ulimwingia chini ya ukucha wa gumba,
akapiga ukelele: "Jamani, sikudhani!"
na wachuuzi wakamjibu, "Karibu, Sikudhani,"
wakifikiri anajitambulisha.

Ukucha ule uliota upya ukiwa umepinda.
Ndio aliokuwa akinifinyia.

Sasa, palikuwa na Bwana Mngumi wa ushuru.
Risiti aliandika moja, samaki alichukua wawili,
kila asubuhi, bila kuomba, bila kutazama,
mkono ndani ya beseni letu
kama beseni ni mfuko wa suruali yake.
Mama hakusema kitu. Mkasi wake ulisema, kra, kra,
mapezi yakaanguka miguuni.

Jumanne moja beseni lilikuwa na tasi
ambao mkasi haujawafikia.
Mimi niliona.
Nikafungua kinywa,
na mguu wa mama ukatua juu ya mguu wangu.
Sikuwahi kumuuliza kama aliteleza.

Bwana Mngumi aliketi chini, kwenye maji ya magamba,
na shati lake la kazi na kalamu zake mbili,
mkono unavimba, mdomo unaita watu wa kwao
wote, hadi waliokwisha kuzikwa.
Tasi alikuwa amekufa tangu alfajiri,
barafu machoni,
na bado alikuwa na neno moja la kusema.

Mama ndiye aliyekwenda kwa Chausiku,
akaipua sufuria ya maji ya ugali,
akayapooza, akayapima kwa kiwiko
kama anayetaka kuogesha mchanga,
akautumbukiza mkono wa yule bwana.
"Usiutoe. Sumu hii haipendi moto."
Akamshika kifundo, nusu saa na zaidi,
akiongeza maji kila yalipopoa,
yeye na mtu asiyewahi kumsalimu,
wapagazi wakilalamika ugali umechelewa.

Kesho yake alikuja na kitambaa mkononi.
Akaulizia tasi, bei gani.
Akalipa. Ilipungua mia mbili.
Mama akamwambia, chukua tu.

Watu husema sumu ni ubaya.
Mimi nimepasua wengi, sijaona mwindaji ndani yao.
Nguru ana meno, jodari ana mbio,
pweza ana mahali pa kujificha.
Huyu mla majani alipewa neno "niache"
akaliandika mwilini mara ishirini na nne,
herufi zote zikitazama nje.

Siku hizi mkasi ni wangu.
Akina dada wa maofisini huinama na vitambulisho shingoni,
"Huyu ana miiba?"
Anayo, nawaambia.
"Basi nipe mwingine."
Nawapa mwingine.

Wakiondoka, nawamaliza tasi wangu taratibu,
mgongo kwanza, halafu nyuma, halafu kifua,
nahesabu kwa sauti, watu wamezoea.
Nikifika ishirini na tatu nasimama.
Mkono juu ya beseni, hautui,
nautafuta uliobaki.